Programu za watu wazima maktabani: ipi itakufaa, na ipi utaiacha wiki ya tatu

Simama mbele ya ubao wa matangazo wa maktaba ya umma yenye wakutubi wachapakazi, utakuta karatasi zimebandikwa juu ya karatasi. Klabu ya vitabu Alhamisi jioni. Kompyuta kwa wanaoanza. Kisomo cha watu wazima. Mazungumzo ya lugha. Kufuma na kushona. Mhadhara wa afya. Msaada wa kuandika barua ya maombi ya kazi. Zote zinasema karibuni, na hakuna hata moja inayokueleza inatofautianaje na jirani yake. Basi mtu anachagua kwa kuangalia siku, au kwa jina lililomvutia, na wiki ya tatu hayupo.

Nimekaa pande zote mbili za meza hizo. Nimekuwa mshiriki, na kwa miaka michache nimekuwa mwalimu wa kujitolea wa kisomo. Wengi niliowaona wakiacha hawakuacha kwa kuwa programu ilikuwa mbaya. Waliingia kwenye programu inayodai kitu ambacho hawakuwa nacho, na mara nyingi kitu hicho ni muda usiokatika. Ada si tatizo sana: Ilani ya UNESCO ya Maktaba za Umma, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1949, inasema katika toleo lake la 1994 kwamba huduma za maktaba ya umma kimsingi ziwe bila malipo. Unacholipa hapa ni jioni zako.

Kwa hiyo nalinganisha kwa swali moja: ukikosa wiki moja, kinatokea nini? Zipo programu zinazokusubiri. Zipo zinazokuacha. Na ipo ile ambayo ukikosa, kuna mtu amekaa mezani peke yake anatazama mlango. Mtu mzima ana zamu za kazi, ana watoto, ana mgonjwa wa kumwangalia, ana safari ya ghafla. Jibu la swali hilo litamsaidia kuliko mada yenyewe.

Klabu ya vitabu, usomaji wa pamoja, kusoma kimya

Hizi tatu hutangazwa kwa picha ileile ya watu walioketi duara na vitabu mikononi, lakini ni mambo matatu mbalimbali.

Klabu ya vitabu huwa na kitabu kimoja kwa mwezi. Mnasoma nyumbani, mnakutana kujadili. Kazi kubwa basi iko nyumbani, na ni vizuri kuipigia hesabu kabla hujajiandikisha: kitabu cha kurasa 300 kwa wiki nne ni karibu kurasa 11 kila siku. Ni kidogo ukiitaja, ni nyingi siku umerudi usiku umechoka. Ukikosa kikao hupotezi kitu, kwa sababu mwezi ujao kuna kitabu kingine. Hatari iko kwingine. Mtu hakumaliza kitabu, akaona haya, akabaki nyumbani. Mwezi wa pili hakumaliza tena, na hapo safari yake ikaishia. Njoo hata kama uliishia katikati, na useme mapema. Mwezeshaji anayeijua kazi yake atakuuliza kilichokusimamisha, na mara nyingi jibu lako ndilo litakalofungua mjadala. Jambo jingine la kuuliza ni nakala: je, maktaba ina za kuwatosha wanachama, au kila mmoja ajitafutie? Klabu yenye nakala mbili kwa watu 15 itakuchosha hata kama mazungumzo yake ni matamu.

Maktaba nyingine zina msimu wa mji mzima kusoma kitabu kimoja. Mpango wa namna hiyo ulianzia maktaba ya Seattle mwaka 1998, mkutubi Nancy Pearl akiwa mbele, na Chicago wakaufuata mwaka 2001. Kama maktaba yako ina msimu huo, jaribu klabu wakati huo. Nakala zinakuwa nyingi, na nusu ya waliomo chumbani ni wageni kama wewe.

Usomaji wa pamoja kwa sauti hauna kazi ya nyumbani kabisa. Maandishi mnagawiwa palepale. Mmoja anasoma, anasimama, watu wanasema kilichowagusa au wananyamaza, kisha anaendelea. Waliouendeleza sana mtindo huu ni Jane Davis na shirika lake la The Reader, eneo la Liverpool nchini Uingereza, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kikao changu cha kwanza lilisomwa shairi kuhusu nguo za mtoto aliyekwisha kuondoka nyumbani. Msomaji alipofika ubeti wa tatu akanyamaza. Nilidhani amepoteza mstari. Kumbe alikuwa anatuachia nafasi. Ukimya ukadumu hadi nikawa nasikia feni inavyozunguka, halafu mama mmoja ambaye hakuwa amefungua mdomo tangu aingie akasema, "Mimi zake bado sijazikunja." Hakuna aliyemchimba. Msomaji akaurudia ubeti uleule, taratibu zaidi.

Ukikosa wiki moja hapa, au hata tatu, unarudi na kukaa kana kwamba ulikuwepo. Anayesoma polepole hana wa kumkimbiza, mwenye macho yaliyochoka anasikiliza tu, na asiyejua kusoma vizuri hatajulikana mpaka atake mwenyewe. Udhaifu wake ni mwendo: riwaya moja inaweza kuchukua miezi, na mtu anayependa kubishana ataona watu wananyamaza mno. Hata hivyo, kama umemaliza shule zamani na hujafungua kitabu tangu hapo, anza hapa. Sioni programu nyingine maktabani inayodai kidogo hivi na kukupa kikubwa hivi.

Kusoma kimya pamoja ni jambo jepesi: kila mtu na kitabu chake, saa moja bila maneno, kisha anayetaka kuzungumza azungumze. Marafiki wawili wa San Francisco waliuanzisha mtindo huo mwaka 2012 na umeenea sehemu nyingi. Ni mzuri kwa mtu ambaye shida yake ni simu. Kwa anayetafuta wenzake, haumtoshi.

Darasa la kompyuta au meza ya msaada?

Hapa ndipo watu wanapokosea zaidi, na hapa ndipo nilipokosea mimi.

Darasa la kompyuta kwa kawaida hupangwa kwa wiki kadhaa, na kila somo limekalia la wiki iliyopita. Mausi na kibodi kwanza, kisha faili na folda, kisha intaneti, kisha barua pepe. Niliwahi kujiandikisha darasa la majedwali ya hesabu, nikakosa wiki ya tatu kwa sababu ya msiba. Niliporudi wenzangu walikuwa wanaandika fomula, na mimi sikujua hata kwa nini kila fomula inaanza na alama ya sawasawa. Mwalimu alikuwa mpole, lakini alikuwa na watu 12. Nilikaa nikikodolea skrini hadi saa ikaisha, na sikurudi. Darasa lile lilikuwa zuri. Lilikuwa tu la aina isiyosubiri, na tangazo lake halikusema hivyo.

Meza ya msaada ni kinyume chake. Unakuja na tatizo lako moja, unakaa na mtu kwa nusu saa hivi, unaondoka limekwisha. Fomu ya mtandaoni iliyokataa kutumwa, picha zilizojaa kwenye simu, kiambatisho kisichofunguka. Hakuna wiki ya kukosa. Ila ujue kwamba pale tatizo linatatuliwa, na kufundishwa si lazima kutokee. Nimeona watu wanarudi kila wiki na jambo lilelile, kwa kuwa kila mara mkono wa msaidizi ndio ulioshika mausi. Ukiketi pale, omba mausi ushike wewe, yeye aseme. Uwe na daftari, uandike hatua kwa maneno yako mwenyewe: "bonyeza kile kibahasha cha juu kulia" ni kumbukumbu bora kwako kuliko jina rasmi la kitufe. Na nenosiri lako liandike kwa vidole vyako, usilitamke kwa mtu, hata akiwa mkarimu namna gani. Ukimaliza kwenye kompyuta ya maktaba, toka kwenye akaunti yako kabla hujasimama.

Kuna jambo moja linaloamua kati ya hizi mbili. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, na akaonyesha kwamba kusahau kwingi hutokea mapema, katika saa za mwanzo na siku ya kwanza, kisha kasi yake inapungua. Darasa la kompyuta la mara moja kwa wiki, bila kugusa kompyuta katikati, linapigana na jambo hilo moja kwa moja. Kama kesho yake unaweza kurudi kwenye kompyuta za maktaba kwa nusu saa ukarudia ulichofundishwa jana, ingia darasani. Kama huwezi, tumia meza ya msaada kwa sasa, na darasa lisubiri msimu ambao ratiba yako imetulia. Anayetafuta kazi inayotaka kompyuta kila siku anahitaji darasa. Mwenye simu mpya iliyomshinda anahitaji meza.

Msaada wa kutafuta kazi ni meza ya namna yake, kwa miadi. Usiende mikono mitupu. Beba tangazo la kazi lenyewe, karatasi yenye mwaka ulioanza na kuacha kila kazi, na majina ya wadhamini waliokwisha kukubali. Nusu ya muda wa miadi hizo hupotea mtu akijaribu kukumbuka tarehe.

Kisomo: mtu na mwalimu wake, au darasa zima?

Huenda wewe unayesoma hapa unamtafutia mzazi, jirani au mfanyakazi mwenzako. Basi jambo la kwanza: usimwandikishe kwa siri ukidhani utamshangaza. Mpeleke, mwonyeshe kaunta ilipo, kisha rudi nyuma hatua mbili umwache aongee mwenyewe. Mtu aliyeficha kutojua kusoma kwa miaka 40 amejenga ukuta mzito, na mlango wa kuupita ni wake kuufungua.

Maktaba hufundisha kisomo kwa njia mbili, na kila njia ina historia yake. Ya kwanza ni mwalimu mmoja na mwanafunzi mmoja. Mmarekani Frank Laubach alikuwa mmisionari kwa Wamaranao, kando ya ziwa Lanao huko Ufilipino. Karibu mwaka 1930 fedha za kuwalipa walimu zilikauka kwa mdororo wa uchumi, na ikaamuliwa kwamba kila aliyekwisha kujua amfundishe mwingine. Wazo hilo likasambaa duniani. Njia ya pili ni duara. Mwaka 1963, katika mji wa Angicos nchini Brazil, Paulo Freire na wenzake walifundisha wafanyakazi wapatao 300 kwa muda wa saa 40 hivi, wakianza na maneno ya maisha yao. Neno la tofali, *tijolo* kwa Kireno, ni mojawapo ya yanayokumbukwa zaidi. Walikaa pamoja, wakalizungumzia neno, kisha wakalikatakata kwa silabi na kuunda mengine.

Faida za mmoja kwa mmoja niliziona kwa baba mmoja wa makamo, fundi, mwenye mikono migumu. Kalamu aliishika kama patasi. Tulianza na jina lake, na herufi tatu za mwanzo zilikula vikao viwili. Hesabu za kichwani alinishinda kwa mbali. Siku moja nikamuuliza angetaka kusoma nini kama angeamka kesho anajua. Akasema dawa za mkewe, kwa sababu alikuwa anazitofautisha kwa rangi ya boksi, na duka la dawa lilikuwa limebadilisha kampuni. Kitabu cha mazoezi tukakiweka pembeni. Wiki iliyofuata alikuja na boksi lenyewe ndani ya mfuko wa shati. Sentensi ya kwanza aliyoisoma mwenyewe kutoka mwanzo hadi mwisho maishani mwake ilikuwa "kidonge kimoja mara mbili kwa siku", kidole kikiwa chini ya kila neno. Alipofika mwisho akarudi mwanzo, akasoma tena kwa sauti ya kujaza chumba, hata mkutubi aliyekuwa anapanga vitabu akageuka.

Darasa la watu 15 lisingeweza kuweka kitabu pembeni kwa ajili ya boksi moja. Na baba yule alipopata kazi nje ya mji akapotea wiki mbili, darasa lingekuwa limeondoka. Sisi tulifungua daftari pale tulipoishia.

Lakini njia hiyo ina udhaifu ambao nao niliuona, na udhaifu wenyewe nilikuwa mimi. Niliposafiri mwezi mzima, hakuwa na mtu. Mwalimu wa kujitolea akiugua, akihama, akichoka, mwanafunzi wake anakatika naye. Darasa halifi kwa kukosekana mtu mmoja. Tena darasani unamwona mwenzako wa umri wako anatoa jasho juu ya neno lilelile, na aibu uliyodhani ni yako peke yako inapungua. Hilo mwalimu wa peke yako hawezi kukupa hata awe hodari vipi.

Nionavyo mimi, mwenye zamu zisizotabirika na mwenye kuona haya sana waanze mmoja kwa mmoja. Anayesoma kwa kusitasita na anataka kufanya mtihani fulani au kupata cheti, darasa lina mtaala na litamfikisha mapema. Na kuhama ni ruhusa. Fundi yule baada ya mwaka mmoja aliingia darasani kwa hiari yake, akiwa tayari ana kitu cha kuonyesha siku ya kwanza.

Kabla hujampeleka mtu, uliza mambo mawili. Masomo hufanyika wapi: kwenye chumba chenye mlango, au meza ya katikati ambako jirani yake anaweza kupita? Na walimu wa kujitolea hupewa mafunzo kabla ya kukabidhiwa mwanafunzi? Moyo mwema peke yake haufundishi kusoma. Nilikuwa nao miezi miwili kabla sijafunzwa, na miezi hiyo mwanafunzi wangu wa kwanza alisogea kidogo mno.

Lugha: mduara wa mazungumzo na darasa

Mduara wa mazungumzo hauna mtihani wala kurasa za sarufi. Watu wanakaa, mwezeshaji anatoa mada, mnaongea kwa lugha mnayojifunza. Ukikosa wiki, mada tu imebadilika. Darasa la lugha linakwenda kwa mpangilio, na ukikosa nyakati zilizopita za vitenzi utazikosa hadi mwisho.

Tatizo la mduara ni kwamba hauna msingi wa kumpa asiye nao. Kipimo cha lugha cha Baraza la Ulaya, kilichochapishwa mwaka 2001 na kutumiwa sasa na shule nyingi za lugha, kina ngazi kuanzia A1 hadi C2. Mtu wa A1 akikaa kwenye mduara atasikia mawimbi tu. Akifika A2, yaani anaweza kusimulia familia yake, kazi yake na siku yake kwa sentensi fupi, mduara utamfaa kuliko darasa, kwa sababu sasa anachokosa ni mdomo uliozoea. Ningekushauri miezi michache ya darasa, halafu zote mbili kwa pamoja kama muda upo.

Na chunguza jambo hili siku ya kwanza: je, wanaoongea ni walewale watatu? Mwezeshaji mzuri hugawa watu wawiliwawili kwanza, kila mtu atoe sauti, ndipo arudishe kundi zima. Mduara usiofanya hivyo utakufundisha kusikiliza tu, na redio ingekufanyia hivyo ukiwa nyumbani.

Karakana, sindano na uzi

Maktaba kadhaa sasa zina karakana, yaani chumba chenye mashine za kujitengenezea vitu. Ile ya Fayetteville, jimbo la New York, iliyoanza mwaka 2011, huhesabiwa miongoni mwa za mwanzo katika maktaba za umma za Marekani, na Oodi ya Helsinki, iliyofunguliwa Desemba 2018, ina cherehani na printa za 3D, zile zinazojenga kitu kigumu tabaka juu ya tabaka, kwa ajili ya mtu yeyote. Karakana inamfaa mtu mwenye kitu mahususi cha kutengeneza. Asiye nacho ataenda mara mbili kushangaa mashine, basi. Kwa kawaida kuna mafunzo ya usalama kwanza, kisha unaweka miadi ya mashine, na malighafi huenda ukajinunulia. Kuwa makini na urefu wa zamu: kitu cha ukubwa wa ngumi kwenye printa ya 3D kinaweza kuchukua saa kadhaa, na zamu ya saa moja haitakitoa.

Kikundi cha kufuma na kushona kwa mkono hakina mashine wala miadi. Unakuja na sindano yako na uzi wako, unakaa. Watu hukidharau, huona ni cha wastaafu. Mimi nakipa heshima kubwa kwa sababu moja: mikono ikiwa na kazi na macho yakiwa chini, watu wanaongea mambo ambayo wasingeyasema wakitazamana. Kama umehamia mji ambako hujui mtu, au umefiwa, au umestaafu na nyumba imekuwa kimya, keti hapo wiki nne. Hutaulizwa habari zako. Utaonyeshwa jinsi ya kuokota kitanzi kilichoanguka, na maongezi yatakuja yenyewe.

Katikati ya hizi mbili kuna siku za ukarabati, mtindo ulioanzishwa na Martine Postma jijini Amsterdam mwaka 2009: unaleta pasi au redio iliyoharibika, unakaa na fundi wa kujitolea mnaifungua pamoja. Nenda ukiwa na kitu kibovu, na ukae hadi mwisho. Ukikiacha na kuja kukichukua baadaye, umepata pasi tu, somo limekupita.

Mihadhara, filamu na watu wanaoazimwa

Hizi hazina cha kukosa, kila moja imejitosheleza. Mhadhara mzuri ni ule unaoacha theluthi ya muda kwa maswali. Filamu ina maana zaidi kama kuna mazungumzo baada yake.

Ila kama ubao unatangaza Maktaba ya Binadamu, panga kwenda. Ilianza Denmark mwaka 2000, kwenye tamasha la Roskilde. "Kitabu" ni mtu mwenye maisha ambayo wengine huyahukumu bila kuyajua, nawe unamwazima kwa nusu saa hivi na kumuuliza unachotaka kwa adabu. Mara moja inatosha kukaa nawe muda mrefu.

Kabla hujaandika jina

Mambo mengi ya maana hayako kwenye tangazo, yako kichwani mwa aliyekaa kaunta. Nilimsikia mzee mmoja akiuliza vizuri sana:

"Dada, hili la kompyuta la Jumanne, nikikosa wiki moja itakuwaje?"

"Mzee wangu, hilo linasonga tu. Una safari?"

"Nina kliniki mwisho wa mwezi."

"Basi nikuandike kundi linalofuata, uwe wa kwanza. Sasa hivi uwe unakuja mezani kwangu Ijumaa, tuzoee mausi kwanza."

Dakika moja ya maongezi, na mzee yule aliokoka kile kilichonipata mimi. Uliza pia wako wangapi, kwa sababu watu sita na watu 20 ni programu mbili hata kama jina ni moja. Uliza kama chumba kiko ghorofani na lifti inafanya kazi. Uliza kama unaweza kuja na mtoto. Kama unasikia kwa shida, uliza kiti kipi kiko karibu na mwezeshaji na ufike mapema. Na uombe kukaa nyuma kikao kimoja utazame tu. Sijawahi kuona maktaba ikikataa hilo, isipokuwa kwenye kisomo, ambako kuwalinda waliomo ni sahihi kabisa.

Ukiona uliyochagua haikufai, ama imekwenda mbio mno ama haiendi, pita kaunta useme kwamba unaacha. Usitoweke tu. Kwenye kisomo hasa kuna daftari la wanaosubiri mwalimu, na kiti kisichosemwa kwamba ni kitupu hubaki kitupu kwa wiki nyingi. Ukisema leo asubuhi, jioni mtu aliyeandikwa mstari wa kwanza anapigiwa simu.